Usiwaambie Unalala Wapi

Mpendwa mdogo wangu Fauzia,

Bahasha yangu imerudi. Niliipeleka posta mwenyewe, nikaibandika stempu nyingi hadi karani akanicheka, na wiki saba baadaye ikarudi na kibandiko cha njano chenye maneno ya lugha ya huko uliko, nisiyoijua. Nilikipiga picha nikamtumia Akinyi, yule mwenzako wa Silanga mliyesafiri naye. Akanijibu, "Hayuko hapo, dada." Basi leo nakuandikia barua isiyo na bahasha. Nimeomba ichapishwe mahali wanaposoma watu wetu walio nje, kwa hiyo itasomwa na wengi nisiowajua, na wengine watanisema. Wacha waseme. Katika macho yote hayo mimi natafuta mawili tu.

Kuna jambo moja nataka ulijue kabla hujasoma zaidi, usije ukakasirika ukaiacha barua njiani. Sikukukana, Fau. Uliposema kwamba una dada na dada huyo akatafutwa aseme ndiyo, sikunyamaza kwa kukuchoka. Swali halikunifikia. Lilipelekwa kwenye nyumba ambayo silali, na aliyelipeleka huko ni mimi mwenyewe.

Nianze mbali kidogo, maana kosa hili halikuanza na wewe.

Unakumbuka kitanda chetu cha Makina, hapa Kibra, kile kilichokuwa na mguu mmoja wa tofali? Wewe ulilala upande wa ukutani na mimi upande wa nje, kwa sababu ulikuwa ukilala unapiga mateke kama punda na Mama aliogopa utaanguka. Nimekupita miaka kumi, kwa hiyo mateke yako niliyala bila kulalamika sana. Mama alikuwa akikaa mlangoni akisuka tabaga zake, vile vifuniko vya sahani vya rangi rangi ambavyo sisi Wanubi hatuwezi kufanya harusi bila kuvitandaza. Nilipopata shule ya sekondari upande wa Riruta Satellite, Mama alisema siwezi kutembea njia ile kila alfajiri. Akanipeleka Kawangware kwa Mama Njeri, mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha, mteja wake aliyenunua tabaga za kufunikia chapati za hoteli yake. Mama Njeri alinipa kitanda kwenye chumba cha binti zake. Jumatatu hadi Ijumaa nikawa wa Kawangware, Jumamosi na Jumapili wa Makina. Sikuona ubaya wowote.

Ubaya niliuona nilipotimiza miaka kumi na minane nikaenda kuomba kitambulisho. Ulikuwepo. Ulikuwa na miaka minane, umebeba ile faili ya plastiki yenye cheti changu cha kuzaliwa, na ulikataa mtu mwingine asiiguse. Unajua vile sisi hatupewi kitambulisho kama watu wengine. Wenzetu hujaza fomu wakaenda zao. Sisi tuna vetting. Tunawekwa mbele ya kamati tuulizwe jina la baba, la babu, na babu wa babu yetu alitoka wapi, kama kwamba tuliingia Kibra jana kupitia dirishani. Nilijibu yote. Kisha yule afisa akauliza, kwa sauti nzuri tu, "Na wewe unalala wapi?"

Nikamjibu ukweli. Siku tano Kawangware, siku mbili hapa.

Akaweka kalamu chini. "Basi wewe si wa hapa. Nenda ukahojiwe Kawangware."

Nikaenda Kawangware. Yule wa huko alitazama jina langu, akatazama mtandio wangu, akanirudishia faili bila kuifungua. "Hili ni jina la Kibra. Rudi kwenu."

Nilienda na kurudi miaka miwili, Fauzia. Nafasi yangu ya chuo cha ualimu ilipita, kwa sababu bila kitambulisho sikuweza hata kuandikishwa. Siku moja nilirudi nyumbani nikajitupa kwenye kile kitanda na viatu vyangu, na Mama akaacha tabaga yake, akaja akasimama mlangoni. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisema, "Kuanzia leo, hakuna mtu wa nyumba hii atakayemwambia mtu wa ofisi analala wapi. Umesema ukweli. Huo ukweli umekupa nini?" Wiki iliyofuata nikarudi mbele ya kamati nikaapa kwamba tangu nizaliwe sijawahi kulala nje ya Makina usiku hata mmoja. Jina langu likapita asubuhi hiyo hiyo.

Hapo ndipo nilipoharibika. Miaka miwili ya ukweli ilinipa vumbi la njia, na uongo wa dakika tano ukanipa kitambulisho. Mtu akifundishwa hivyo mara moja hahitaji kurudiwa.

Na wewe ulishika somo haraka kuliko mimi. Walipokuja wale wa kuhesabu watu, nyumba nzima mwenye mdomo alikuwa wewe. Ulisimama mlangoni umejishika kiuno.

"Hapa mnalala wangapi?" yule kijana akauliza.

"Sisi hatulali," ukamwambia.

Mama alicheka hadi akashika fremu ya mlango. Kijana wa watu alisimama na mashine yake mkononi, hajui aandike nini. Kisa hicho tulikisimulia Idi baada ya Idi. Nilikisimulia hata kwa Mama Njeri, naye akacheka akamwaga chai. Sasa kikinijia nikiwa kwenye cherehani inabidi nisimamishe mguu kwanza.

Miaka ikaenda. Ukasoma kozi yako ya kutunza wazee, mimi nikawa fundi wa sare za shule, nimepanga chumba kwenye ploti ile ile ya Mama Njeri. Kitambulisho changu, kadi ya kura, karatasi zangu zote zinasema Makina. Nalala Kawangware, serikalini nalala Makina. Niliona hiyo ndiyo akili.

Siku ulipopata visa ulikuja moja kwa moja chumbani kwangu, hata kwa Mama hujafika. Ulikaa kitandani kwangu umekunja miguu, pasipoti umeifungua magotini. "Hii si ya kutembea, dada," ukaniambia. "Ni ya kukaa. Long stay." Kisha ukanisomea zile karatasi walizokupa nayo. Ukishaingia nchi yao una miezi mitatu ya kujiandikisha, useme umeingia siku gani na unaishi wapi. Ukihama, unawaambia umehamia wapi. Usipofanya hivyo visa inakuwa kama haipo, hata kama mwaka ulioandikwa juu yake haujaisha. Mimi nilikuwa na pini mdomoni, nashona kola. Nilizitoa kwa ajili ya kusema upuzi mmoja tu: "Hao nao! Bado kidogo watake kujua na mto unaoulalia." Ukacheka. Laiti ningebaki na pini zangu mdomoni.

Ile simu yako naikumbuka neno kwa neno, na sitajipendelea nikiiandika. Ilikuwa Jumapili, adhuhuri imepita, nimeanika nguo.

"Sasa dada."

"Poa. Umekula?"

"Nimekula. Dada, kuna kitu nataka kukuuliza." Ukanieleza kwamba ile nyumba ya kwanza mliyopewa na wenye kazi mmeondolewa, sasa mko wanawake wanne kwenye chumba kimoja. Mwenye chumba hataki kutia sahihi fomu yako, kwa sababu chumba hakiruhusiwi kulala watu wanne. "Lakini Akinyi aliambiwa kwa ofisi, ukienda uwaambie tu ukweli, wanakusaidia. Kuna mahali pa kujaza kama mwenye nyumba amekataa. Na imebaki wiki mbili. Niende ama?"

"Akinyi ni Mjaluo wa Silanga," nikakwambia. "Akinyi hajawahi kuulizwa babu wa babu yake alitoka wapi."

"Hawa hawaulizi hivyo, dada."

"Leo hawaulizi. Ukishawaambia chumba kina watu wanne, wataanza kuuliza. Kaa kimya. Usiwaambie unalala wapi. Ofisi ikikutaka itakuita."

Nilisikia mtoto wa mtu akilia nyuma yako. "Uko sure?"

"Mimi nimewahi kukupotosha?"

"Zii, dada. Hujawahi."

Basi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sikukushauri kwa ubaya, lakini wema wangu umekusaidia nini? Nilikuwa nimeketi Kawangware juu ya ndoo iliyopinduliwa, sijawahi kuona hata theluji, nakupa maagizo ya nchi ambayo siijui kwa sababu nilidhani ofisi zote za dunia zimezaliwa na mama mmoja.

Na kweli ofisi ilikuita. Akinyi ameniambia. Ilikuandikia barua tatu kwenye ile nyumba ya kwanza, na wageni waliohamia humo walizipanga juu ya sanduku la viatu wakingoja mwenyewe aje. Miezi mitatu ikaisha. Wenye kazi walipotaka kukuongezea mkataba wakaambiwa mtu huyu hayumo kwenye vitabu vyetu. Ulikuwa na visa pasipotini yenye picha yako ukitabasamu, na haikuwa na kazi yoyote tena.

Baada ya hapo simu zako zikawa zinatoka nambari tofauti. Nikikuuliza uko wapi ulisema, "Niko tu, dada." Nikikuuliza unafanya kazi gani ulisema, "Za hapa na pale." Mwanzoni nilifikiri unanificha jambo la aibu. Baadaye nikaelewa kwamba hata mimi umenifanya ofisi. Nilikufundisha vizuri kupita kiasi.

Mama alipolala kitandani ile mara ya mwisho, kila nikimnywesha uji aliuliza swali moja. "Fau siku hizi analala wapi?" Mama yule yule! Nilikuwa namwambia uko pazuri, una chumba chenye joto. Alikuwa ananitazama. Mtu aliyekufundisha kudanganya hadanganyiki nawe.

Hukuweza kuja kumzika. Ulinieleza: ukifika uwanja wa ndege wataona umekaa bila kuandikishwa, watakugongea muhuri wa kutorudi, na wewe bado ulikuwa na matumaini ya kutengeneza mambo yako. Sikukulaumu siku ile na sikulaumu leo. Ulichoomba ni kidogo. "Weka simu dirishani, dada, nisikie wakitoka naye." Nikasimama dirishani mkono umenyooka, wanaume wa Makina wakapita na jeneza wakisoma, kuelekea makaburini kwetu. Mkono uliniuma nikakataa kuushusha. Waliponyamaza kwa mbali niliiweka simu sikioni na wewe hukuwa umekata. Ulipiga tena mara moja tu, baada ya arobaini, ukauliza nani amechukua tabaga za Mama. Nikakwambia zimebaki ukutani. Ukasema vizuri. Tangu hapo Ramadhani moja imepita, na ya pili inakaribia.

Akinyi alikuja likizo. Alinitafuta hadi Kawangware, amenenepa, ana koti zuri, akaniletea mtandio. Nilimpenda na kumchukia kwa wakati mmoja, Mungu anisamehe. Nikamuuliza ile fomu ilikuwaje.

"Ni form tu, dada," akasema. "Unajaza, unaeka picha ya passport, wanagonga muhuri. Dakika ishirini hivi. Ile siku niliingia hapo hata chai nilikuwa sijamaliza."

"Na kama mtu angechelewa? Tuseme mwezi?"

Aliona ninakoelekea, akaangalia chini. "Wangemgombanisha. Hao watu wanajua kugombanisha. Halafu wangegonga muhuri."

Alipoondoka nilirudi kwenye cherehani nikashona mkono wa shati ndani nje. Mtoto wa mtu karibu avae hivyo shuleni.

Siku ya pili nilienda mjini, kwenye ofisi inayoshughulika na watu wetu waliopotea nje. Nilimkuta binti mmoja mezani, mpole, kucha fupi. Akaandika jina lako, akaandika lile la Mama. "Anwani yake ya mwisho?" Sina. "Mji?" Sijui kwa hakika. Alinitazama kwa huruma. "Mama, sasa tutamtafutia wapi?" Lakini akasema wataandikia wenzao wa huko, bahati ni ya Mungu. Kisha akageuza karatasi. "Na wewe? Tukipata jibu, tukupate wapi?"

Fauzia, sikufikiri hata kidogo. Mdomo ulijisemea. Nikamwambia Makina, karibu na msikiti, nyumba ya marehemu mama yetu. Nambari ya simu? Nikampa ya Mama, ambayo ilikuwa imeshafungwa kwa kukaa bila kutumika. Niliogopa atalinganisha na kitambulisho aone Kawangware, aanze yale ya miaka ile. Nilikuwa nimekuja kukutafuta, na bado nikajificha. Nikatoka pale nikijiona nimefanya jambo la maana.

Nyumba ya Mama nilikuwa nimempangisha Sauda, jirani yetu wa zamani, yule mwenye sauti ya kuita mbuzi. Sikwenda huko mara kwa mara, kwa kuwa nikienda naona kitanda. Nilienda siku aliponiambia anapaka rangi nikachukue tabaga za Mama. Nilipoishusha ile kubwa nyekundu ukutani, bahasha ikaanguka kutoka nyuma yake. Ilikuwa na nembo. Haikuwa imefunguliwa.

"Hiyo ilikuja zamani," Sauda akasema, huku ameshika brashi. "Niliona nembo nikajua ni mambo ya ardhi. Nikasema barua ya nembo, Mastura, unaiamsha ya nini? Ingekuwa ya kheri wangerudi."

Nisimlaumu? Makina tumeishi hivyo. Barua ya serikali kwetu ni ya kubomolewa ama ya kuhojiwa, haifunguliwi mbio. Hata mimi ningeificha pale pale.

Niliisomea kwenye ngazi ya mlango; ilitoka kwenye ofisi ya yule binti wa mjini. Walikuwa wamekupata, Fau. Hapana, niseme ilivyoandikwa: ulikuwa umejitokeza mwenyewe. Uliingia ofisini kwao ukasema jina lako, ukasema umeingia nchi yao siku gani, ukataja vyumba vyote ulivyolala kimoja baada ya kimoja, na kwamba sasa unalala kwenye nyumba ya hifadhi, kitanda kilicho karibu na jiko. Ukasema umechoka na unataka kurudi nyumbani. Pasipoti yako ilikuwa imekwisha muda, kwa hiyo ili upewe karatasi ya kusafiria alitakiwa ndugu mmoja aje aseme, ndiyo, huyu ni wetu. Ukataja Makina. Ukanitaja mimi, lakini nambari yangu hukuwapa wala hukunipigia mwenyewe; siri yangu ya kulala Kawangware uliilinda hadi mwisho. Nilipewa siku thelathini. Barua ilikuwa imekaa nyuma ya tabaga miezi minne.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe ulilisikia la mkuu, ukavunjika. Na siku ulipoamua kulikataa, ukaenda kwenye ofisi ya watu ukasema kweli yote, mimi mkuu ndiye niliyekuwa bado nimelishika. Ulinishinda ujasiri, mdogo wangu. Ulifanya lile ambalo mimi sijawahi kulifanya tena tangu nina miaka kumi na minane, na malipo yako yakawa ukimya wangu. Ukimya ule umenisumbua zaidi ya kifo cha Mama. Nakuona umekaa kwenye kile kitanda cha karibu na jiko, unahesabu siku, unauliza kama kuna simu kutoka Nairobi. Nawaona wanakwambia hakuna.

Nilikimbia mjini na kandambili zangu za nyumbani. Yule binti alinikumbuka. "Tulipiga ile nambari, mama. Tulipiga sana." Wakaandika upya. Jibu likaja kwamba ulingoja hadi siku ya thelathini na mbili, ukakunja blanketi lako, ukashukuru watu, ukaondoka. Hukusema unakwenda wapi. Wakatoa anwani ya ile hifadhi, nami nikatuma bahasha huko nikitumaini umerudi kwa sababu ya baridi. Ndiyo iliyorudi.

Sasa nikuambie nilichofanya wiki hii, kisha nikuache.

Nimekwenda kubadilisha karatasi zangu. Wanataka barua ya mwenye nyumba, kwa hiyo nilimwendea Mama Njeri. Amezeeka, miwani ameifunga kwa uzi wa sweta. Alisoma fomu polepole kisha akaishusha.

"Miaka yote hii uko kwangu, kumbe kwa serikali uko Makina?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nilikuwa nafikiria unaona haya kusema unaishi kwa Mkikuyu."

"Haikuwa wewe. Ilikuwa ofisi."

"Ofisi itafanya nini? Itakula chumba?" Akatia sahihi, akapuliza wino ukauke. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Na yule mdogo wako? Yule alisema nyinyi hamlali?"

Nililia pale kwenye hoteli yake mbele ya watu wanaokula maharagwe.

Hati yangu ya kuthibitisha kwamba wewe ni ndugu yangu imeshatiwa sahihi na kidole gumba. Iko kwa yule binti, kwenye faili yenye jina lako, na amenionyesha kwa macho yangu. Nambari ya simu iliyomo ni hii hii yangu unayoijua kwa kichwa. Rudi kwenye ofisi yoyote ya huko, waambie tena. Najua naomba mengi. Najua umeshasema mara moja na hukuitikiwa. Sema mara ya pili kwa ajili yangu, na wao walipeana siku thelathini lakini mimi sina mwisho wa siku. Kama umenikasirikia, nikasirikie ukiwa umeketi hapa mbele yangu, nitakupikia huku unanitukana. Na kama barua hii inasomwa na mtu aliyelala chumba kimoja na mwanamke anayeitwa Fauzia, mwembamba, anayepiga mateke usingizini, naomba amsomee. Asimuulize kitu. Amsomee tu.

Na kama utakuja bila kupiga simu, kama ilivyo kawaida yako, usiende Makina. Mimi ninalala Kawangware. Ukitoka sokoni fuata ukuta wa kanisa hadi kwenye kinu cha posho, ingia lango la bati la kijani, ploti ya Mama Njeri. Ni mlango wa nne, wenye tabaga nyekundu ya Mama juu yake, nimeitundika nje, mahali pasipofika mvua, ili uione kwa mbali. Kitanda ni kimoja. Ninalala upande wa nje. Ule wa ukutani haujalaliwa na mtu.

Dada yako,
Mastura